Mikono ya Maame Konamah

Maame Konamah alikuwa ameketi juu ya wingu, miguu imetua mgongoni mwa tembo mwenye mabawa ya kitambaa cha kente, na ziwa zima la Bosomtwe likimeremeta chini yake kama sinia iliyosuguliwa kwa majivu. Uso ulinawiri. Dhahabu ilimjaa shingoni mpaka ungemwonea huruma kwa uzito. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa mikono.

Mikono hakuwa nayo.

Pale ilipokuwa pamebaki tundu, na ndani ya tundu ulionekana ukuta wa ua na mjusi mmoja mwenye kichwa chekundu, akitikisa kichwa kana kwamba anakubaliana na kila kinachosemwa.

Inspekta Dufie Agyekum alilisogelea turubai lile la picha ya msiba, refu kuliko watu wawili waliobebana. Hakuligusa. Nyuma yake alisimama Koplo Laryea, mtu ambaye tumbo lake lilikuwa na desturi ya kufika eneo la tukio kabla yake.

"Nani aliyegundua?" Inspekta aliuliza.

"Mimi," alijibu Birago, binti wa marehemu. "Nimetoka kupiga mswaki, namtazama mama, mama hana mikono. Mswaki ulinidondoka."

"Jana jioni picha ilikuwa nzima?"

"Nzima, afande. Nusu ya mtaa wa Bantama walikuja kupiga nayo picha. Mwisho tukafunga lango."

"Waliobaki ndani?"

"Sisi wa nyumbani. Na Pinaman, yule pale barazani, anatushonea nguo za msiba. Halafu alfajiri, giza halijatoka, alikuja Dapaah kukaza kamba za turubai."

Inspekta aliandika. Maame Konamah mwenyewe, aliyeuza vitenge maisha yake yote na kuwavika watu wa Kumasi nzima, alikuwa bado chumba cha baridi hospitalini. Kesho, Jumamosi, ndiyo ilikuwa siku ya kumzika.

Ama ndivyo ilivyopangwa.

"Hazikwi!" ilinguruma sauti kutoka kwenye kiti kikubwa. Alikuwa Opanin Gyasi, mkuu wa ukoo, kaka wa marehemu. "Mtu anafika kwa wahenga hana mikono, atakula na nini? Atasalimia na nini? Picha imekatwa, na yeye amekatwa. Mpaka ajulikane aliyefanya hivi na aombe radhi, simtoi dada yangu hospitalini."

"Mjomba, mama amekaa kwenye barafu vya kutosha," Birago alisema.

"Atakaa tena! Na mtu ninamjua." Opanin alinyoosha fimbo yake. "Ni huyu mchawi wa kompyuta. Inspekta, jua likizama hujaniletea mwingine, mfunge huyu. Na nitatangaza redioni, asije mtu akampelekea tena picha ya maiti wake."

Fimbo ilikuwa imemwelekea kijana mwembamba aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto lile. Ndiye Kwaku Dapaah, mtengeneza picha. Mpe picha ya pasipoti ya babu yako, atakurudishia babu amepanda chui juu ya mwezi, na babu atafanana na babu.

"Nana, mzee wangu," Dapaah alisema, "mimi nikate kazi yangu mwenyewe? Hiyo ni kama mpishi kutemea mate sufuria yake."

"Wapo," alisema Opanin.

Inspekta aliwaacha wapigane maneno, akainama kwenye tundu. Akachunguza pembezoni mwake, taratibu, kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki.

"Koplo, unaona nini?"

"Tundu, afande."

"Mwenye hasira anachana. Wembe ukiingia unashuka popote. Huyu amezunguka kila kidole. Ametumia mkasi, na hakuwa na haraka."

"Basi ni mchawi mwenye subira," alisema Laryea.

Inspekta alimgeukia Dapaah. "Picha yenyewe unayo?"

"Kwenye kompyuta, afande. Mimi sifuti kitu."

Waliketi mezani, chini ya hema la wageni. Dapaah alifungua kompyuta yake, na Maame Konamah akatokea, mzima. Mkono wa kulia ameunyoosha mbele kuwabariki watu wa chini. Wa kushoto umelala gotini. Dapaah aliikuza mikono mpaka ikajaa kwenye kioo.

Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kama ndoano.

Inspekta alikitazama kwa muda. "Birago! Mama yako alivunjika lini kidole?"

"Kidole gani?"

"Hiki."

Birago aliinama, akakunja uso. "Mama hajawahi kuvunjika hata ukucha."

"Kidole hiki kimepigwa na mchi. Nina shangazi mwenye cha namna hiyo. Mtu anatwanga mihogo na ndizi za fufu, mwingine anazigeuza ndani ya kinu, siku moja mchi unashuka kabla mkono haujatoka. Mama yako alikuwa akigeuza fufu?"

Kwa mara ya kwanza tangu afiwe, Birago alicheka. "Mama? Yeye fufu alikuwa analiona limeshafika mezani!"

"Na picha hii mmekuwa mkiitazama tangu jana, hamkuona?"

"Afande, nani anahesabu vidole wakati kuna tembo anaruka?"

Dapaah alikuwa ameanza kujikunja kwenye kiti kama kitenge kilichotoka kufuliwa.

"Kwaku Dapaah," Inspekta alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa wa kuogopwa. "Hii mikono ni ya nani?"

"Nimeazima, afande."

"Umeazima mikono?"

"Picha zote walizoniletea, Maame amefunika mikono na kitenge. Zote! Alikuwa akificha pete, wakwe wasije wakaomba. Na mama mkubwa kama yule utamweka juu ya wingu hana mikono? Ikabidi niingie ghalani."

"Ghala gani?"

"Ninayo ndani ya kompyuta. Mawingu, moshi, mabawa ya kunguru, shingo za watu. Nikipita mahali nikiona kitu kizuri, napiga, nakata, naweka. Mikono hii nilipiga kwenye kibanda cha chakula kule Ejisu, zamani kidogo. Mama mmoja mgeuza fufu. Jina sikuuliza. Mikono ya studio, afande, ni laini, imekufa. Hii ilikuwa imeishi."

"Naye alikuwa akimbariki nani?"

Dapaah alivuta kofia yake hadi kwenye nyusi. "Alikuwa akinifukuza. Tena kwa mkono wa kushoto."

Koplo Laryea aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi.

"Ndiyo maana nikaigeuza," Dapaah aliendelea haraka. "Kama kwenye kioo. Wa kushoto ukawa wa kulia. Ningemwacha Maame awabariki watu kwa mkono wa kushoto, mimi ningezikwa kabla yake."

Inspekta alirudi kulitazama tundu. Hakuna aliyemchukia Maame Konamah, basi. Mkasi haukumfuata yeye. Uliifuata mikono, na mikono haikuwa yake.

"Nifanyie kitu. Lipige picha hilo tundu, uliweke juu ya picha yako nzima. Sawasawa, vidole juu ya vidole."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Dapaah. Alipiga, akavuta huku, akapunguza kule, mpaka tundu likalala juu ya mikono kama kifuniko juu ya chungu. Kisha akachora mstari mwekundu kufuata mkato.

"Ajabu," Dapaah alinong'ona. "Hakukata kwenye mikono. Amekata nje yake. Tazama, ameacha nafasi pande zote. Na nafasi ni ileile, juu, chini, hata hapa kwenye kona."

"Upana wa kidole," alisema Inspekta.

"Upana wa kidole. Kwa nini mwizi aache nafasi?"

Inspekta alikuwa akitazama barazani. Pale cherehani ilikuwa imetulia, na pembeni kilisimama kioo kirefu cha kujipimia nguo. Pinaman, mwanamke mpole wa makamo, alikuwa amepiga chaki kwenye kitambaa cheusi, na sasa mkasi wake ulifuata chaki hiyo. Haukupita juu yake. Ulipita nje yake, sawasawa, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Inspekta alikwenda akaketi kwenye kigoda karibu naye.

"Pole na kazi, dada."

"Nimeshapoa, afande. Zimebaki za wajukuu."

"Ukikata nguo, pindo unaacha kiasi gani?"

"Upana wa kidole. Ukiacha pungufu nguo inafumuka, ukiacha..."

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa.

"Mkono ukizoea hauulizi," alisema Inspekta. "Unanionyesha mwenyewe, au Koplo afungue kila bunda?"

"Asisumbuke." Pinaman aliinua mto aliokuwa ameukalia. Chini yake palikuwa na mikono ya Maame Konamah, imetandazwa vizuri. Ukingo wote ulikuwa umeshakunjwa na kushonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo kama sisimizi wanaotembea.

"Unakubali ni wewe?"

"Ni mimi. Peke yangu. Nilikata wenzangu walipolala."

"Mwizi!" Opanin Gyasi alikuwa amefika, fimbo juu. "Umelipwa na nani? Umemfanya dada yangu kilema!"

"Nana, mwache kwanza aseme," Inspekta alisema, akaweka kigoda chake katikati yao. "Kwa nini, dada?"

Pinaman aliipapasa ile mikono.

"Jana asubuhi nilipita mbele ya picha hii mara nyingi, sikuona kitu. Halafu nikawa nampima Birago nguo mbele ya kioo. Nina pini mdomoni. Nikainua macho, nikaiona picha ndani ya kioo, nyuma yetu. Na ndani ya kioo ule mkono uliopinda kidole ulikuwa wa kushoto." Sauti yake haikupanda. "Kidogo nimeze pini nife. Nilimwona mama yangu."

Fimbo ya Opanin ilishuka.

"Aliitwa Eno Takyiwaa. Aligeuza fufu Ejisu mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Ukimwambia apigwe picha, anakufukuza: 'Mimi si mtu wa picha, kampige mtu mwenye sura.' Alipofariki hatukuwa na hata moja. Tulibandika tangazo lenye jina tu, watu wakauliza kama tumesahau. Na sasa, afande, uso wake umeanza kunitoka. Naukumbuka wa chini tu, mdomo. Wa juu umekwenda. Halafu naingia nyumba ya watu, nakuta mikono yake inabariki wajukuu wa mwingine. Mikono iliyonivalisha. Ningewaombaje? Ningesema nini, nipeni mikono ya maiti wenu?"

Birago alikuwa akilia kimyakimya.

"Kuharibu mali ni kosa," Inspekta alisema. "Turubai ni la familia. Nahitaji mlalamikaji."

"Ni mimi niliyetengenezesha," alisema Birago. "Na silalamiki."

"Mimi ninalalamika!" Opanin alisema, lakini nguvu zilikuwa zimempungua. "Dada yangu bado hana mikono."

"Birago," aliita Inspekta, "nyoosha mkono. Wa kulia." Birago akaunyoosha. Mrefu, laini, wenye vidole vya mtu aliyeshika noti na vitambaa. "Opanin, mkono huu unafanana na wa nani?"

Mzee aliutazama. "Konamah mtupu," alisema.

Basi Dapaah alimpiga picha Birago palepale, akimnyooshea mjomba wake mkono wa baraka, na safari hii hapakuwa na haja ya kugeuza chochote. Koplo Laryea alitumwa kwa pikipiki kwenda kuchapisha. Pinaman ndiye aliyeishona ile mikono mipya kwenye turubai, na ukisimama hatua chache nyuma usingejua kama Maame aliwahi kufanyiwa upasuaji. Aliomba radhi mbele ya ukoo, na Opanin Gyasi, baada ya kumwaga tone la kinywaji kikali chini na mengi zaidi kooni, akatamka kwamba kesho dada yake atatolewa.

Inspekta alikuwa akivaa kofia yake alipokumbuka. "Dapaah. Ulisema hufuti kitu."

"Sifuti, afande."

"Ulikata mikono kutoka kwenye picha. Picha yenyewe iko wapi?"

Dapaah alikodoa macho. Akakimbilia kompyuta. Alitafuta kwa muda mrefu, akipita misitu, minara, vichwa vya simba. Kisha akaacha kutafuta.

"Dada Pinaman," aliita. "Njoo."

Kinu kilikuwepo, na mvuke, na mikono. Na juu ya mikono, mwanamke amekunja uso akimfukuza mpiga picha, huku kicheko kikimponyoka kwenye macho.

Pinaman aliweka mkono mdomoni. "Macho," alisema hatimaye. "Ndiyo hayo. Nilikuwa nimeyasahau macho."

Walimwacha atazame.

"Nitakutengenezea kubwa kama hii," Dapaah alisema. "Bure. Nikuwekee nini? Mawingu? Chui? Kasri la dhahabu?"

"Mkalishe kwenye kiti chenye mgongo," alisema Pinaman. "Aegemee. Mbele yake bakuli la fufu na supu ya mbuzi."

"Hilo tu?"

"Na fufu liwe linageuzwa na mtu mwingine."

"Nani?"

Birago aliwahi kujibu. "Mweke Mjomba," alisema.

Watu wote walimgeukia Opanin Gyasi. Mzee alifungua mdomo ili angurume. Akamtazama yule mama wa Ejisu kwenye kompyuta, akamtazama Pinaman, akaufunga. Kisha akajisogeza mpaka sikioni kwa Dapaah.

"Basi nivalishe vizuri," alisema. "Na hiki kitambi, kipunguze."