Farhiya Hana Kipande

— Usikate simu, Farhiya. Nisikilize kwanza.

— Unampigia mkimbizi simu ya nini?

Farhiya aliweka chini dumu la maziwa ya ngamia. Guleid, polisi wa Kenya aliyepelekwa Haiti, hakuwa amempigia tangu aondoke. Na kosa la binti wa watu ni lipi, jamani? Mwaka wa ukame, akiwa mtoto, wazazi wake Wakenya walimwandikisha kambini Dadaab ili wapate posho ya chakula. Alipokua akanyimwa kipande, kitambulisho cha Mkenya, eti alama za vidole vyake ni za mkimbizi. Mzee Abshir, babake Guleid, akakataa posa: hataki mgeni nyumbani kwake. Guleid naye, mwanamume mzima na bunduki yake, akanyamaza.

— Nimekutana na dada mmoja huku, alisema Guleid. Wazazi Wahaiti, yeye kazaliwa nchi jirani, Jamhuri ya Dominika. Wamempakia lorini wakamtupa mpakani. Huku Haiti hajui mtu.

— Wana ugomvi gani?

— Wa zamani. Haiti iliwahi kuwatawala Wadominika, hawajasahau. Mwaka 1937 waliua maelfu ya Wahaiti. Ukishindwa kutamka neno lao sawasawa, umekwisha.

— Mimi ninayesema "bolisi" badala ya "polisi" ningepona?

— Usingepona. Ndiyo maana sina usingizi.

— Kwa hiyo umenihurumia.

— Hapana. Nimeona aibu. Nakupenda, na nilinyamaza.

— Kamwambie babako, si mimi.

Akakata, kisha akalia.

Mwezi uliofuata Guleid alirudi Garissa. Aliwakuta wazazi wake wakinywa chai.

— Aabo, nataka kumposa Farhiya tena.

— Yule mkimbizi?

Mamake, Sahara, aliweka kikombe chini.

— Abshir, ule ukame tulikula nini?

— Unga.

— Wa nani?

Mzee akakoroga chai yake.

— Wa posho ya babake Farhiya. Alitugawia nusu. Mtoto wake akaandikwa mkimbizi, wetu akashiba.

Ijumaa, baada ya swala, Mzee Abshir alisimama kwenye kibanda cha maziwa cha Farhiya, mtaa wa Galbet, Guleid nyuma yake.

— Binti yangu, babako yuko nyumbani?

— Yuko, Adeer, alisema Farhiya, akimwita ami kwa heshima. Lakini kipande bado sina.

— Nikahi haiulizi kipande. Hicho tutakifuatilia pamoja. Nitasimama mbele ya maofisa niseme unga ule niliula mimi.

Farhiya akamgeukia Guleid. Hakumwachilia hivi hivi.

— Na huyu? Leo ana mdomo?

— Ninao, alisema Guleid. Nakutaka wewe, na Aabo anasikia.

Farhiya alijaza vikombe viwili, akampa mzee cha kwanza kwa mikono miwili.

— Kunywa, Adeer. Haya si ya posho.

Mzee Abshir akacheka, macho yakamlowa. Akanywa yote, kisha, kama mgeni, akauliza njia ya kwa kina Farhiya, nyumba aliyoijua miaka yote.