Bei Isiyo na Nyongeza

Saa nne asubuhi, pale Ruring'u, Nyeri, slabu ya zege ya ghorofa ya kwanza ilianguka ikamfunika Ngendo na birika lake la chai. Mumewe, fundi Theuri, alichimbua vifusi kwa mikono mpaka polisi wakamtia pingu.

"Alitoa miti ya kushikilia slabu mapema," mkuu wa kituo akasema. "Hiyo kesi imeisha."

Imeisha! Hata maiti ilikuwa haijapoa. Inspekta Wangechi aliwauliza majirani, nao wakaapa kuwa miti ilikaa mwezi mzima. Kisha akainama penye slabu iliyovunjika. Kati ya chuma na chuma palienea mkono wake, kiwiko hadi vidole. Palitakiwa shubiri moja tu.

Watu walikwisha kumtaja Keval, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ati simiti yake ni feki.

"Peleka ipimwe, madam," Keval akasema. "Lakini chuma walichukua kidogo. Niliuliza Theuri, akasema ndiyo iko kwa makadirio."

Makadirio yalikuwa ya Gikonyo, mkandarasi aliyepanga vifaa na bei ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba, Mwalimu Wangui, mstaafu aliyetaka vyumba vya kupangisha, alilia kabla hajaulizwa.

"Mimi niliomba tu apunguze. Si kila mtu huomba? Akapunguza hapo hapo, hata hakubishana."

Wangechi akashtuka. Gikonyo asibishane? Yule mtu angeweza kukutetea bei yake tangu asubuhi hadi ukate tamaa, na mwishowe akupunguzie kidogo kwa kuguna. Nyeri nzima ilimjua hivyo.

Alimkuta ofisini kwake mtaani Gatitu, mlango umefungwa kwa ndani.

"Gikonyo, watu huomba, na nyinyi huongeza mapema ndio mpate cha kupunguza. Kwa Mwalimu uliongeza ngapi?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Alinifundisha darasa la tatu, madam. Niliona aibu kumwongezea. Nikampa bei ya ukweli. Naye akaomba, kama kawaida."

"Si ungemwambia haina nyongeza?"

"Angeniuliza, kwani ile bei ya nyumba ya dada yake ilikuwa nayo? Na ya kanisa? Mji wote ungenijia hapa." Alijifuta jasho. "Kwa hivyo nikatoa chuma. Nilidhani itabeba."

"Na Theuri alipopelekwa seli, ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Wangechi alimkamata, lakini hakuona raha yoyote ya kushinda. Alihisi uchungu tu, na hasira kwa mtu aliyeona haya kudanganya mara moja, kisha akaona haya kukiri.

Jioni alifungua seli mwenyewe.

"Theuri, toka. Si wewe. Makadirio ndiyo yalikuwa mabaya. Gikonyo amekubali."

Theuri hakuinuka. Vumbi la simiti lilikuwa bado nyweleni mwake.

"Ngendo huwa haniletei chai," akasema. "Mimi hununua kwa kibanda. Leo ndio nilimpigia simu, nikamwambia, kuja na chai uone vile slabu imetoka poa."

"Hukujua."

"Niliona chuma ni kidogo, madam. Nikasema, hao wamesoma."

 Wangechi aliacha mlango wazi, akaketi kwenye benchi ya korido. Askari wa zamu alipokuja kufunga, Theuri alikuwa bado ndani.