Bastola ya Mwalimu Naeku

Mwalimu Naeku alilala chali nje ya lango lake, kichwa kwenye changarawe, kiatu kimoja mguuni na kingine kando ya ukuta. Gari lake dogo lilikuwa mbele kidogo, mlango wa dereva wazi, injini ikinguruma. Alikuwa ametoka nalo, akasimama, akashuka kufunga lango kama kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Mkono wake wa kulia ulishika bastola nyeusi, ndogo kiasi kwamba vidole viliifunika karibu yote.

Inspekta Phylis Nanjala alichuchumaa kando ya maiti. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza, na upepo wa Kitengela ulishaanza kuleta vumbi la barabarani.

"Amepigwa na kitu kizito, madam," alisema Konstebo Odero. "Mara mbili, upande wa kushoto wa kichwa. Na hii bastola haijapiga hata risasi moja."

"Kufuli ya usalama?"

"Imefunguliwa. Risasi iko ndani ya chemba, tayari."

Nanjala alivaa glavu. Karibu na kiwiko cha marehemu aliokota risasi nzima, haijalipuka, akaigeuza mbele ya macho yake. Kitako chake kilikuwa laini. Hakikuwa na alama yoyote ya kugongwa.

"Na hii imetoka wapi?"

"Labda ilimponyoka kwa wasiwasi."

"Risasi haianguki tu kutoka kwenye bastola, Odero. Lazima uvute sehemu ya juu ndipo itoke. Huyu mama alifyatua, ikakataa. Akaitoa risasi ya kwanza, akaweka ya pili, akafyatua tena. Ikakataa tena."

Odero alichungulia ndani ya gari. Mkoba wa marehemu ulikuwa bado kwenye kiti cha gari, simu ndani, pochi ndani, madaftari ya wanafunzi yaliyosahihishwa usiku yamefungwa kwa mpira.

"Mwizi gani anaua halafu anaacha simu?" Nanjala aliuliza. Hakungoja jibu.

Mume wa marehemu, Timothy Katoo, alikuwa ameketi juu ya jiwe, shuka mabegani. Alikuwa fundi wa kuchomelea. Lango lililokuwa nyuma yake alilitengeneza kwa mikono yake. Majirani walimzunguka.

"Pole sana, Baba Soipan," alisema Nanjala, akimwita kwa jina la mtoto wake kama majirani walivyomwita.

"Nilimwambia, afande. Nilimwambia ile bastola ya bei rahisi haitamsaidia. Akakataa kusikia."

"Ulikuwa wapi?"

"Ndani, nimelala. Nilisikia gari linanguruma muda mrefu bila kuondoka, ndiyo nikatoka."

"Hukusikia kelele?"

"Hapana."

Mama mmoja jirani alitikisa kichwa. "Vitu vya bei rahisi ndiyo hivyo. Si angenunua tu nzuri?"

Nanjala alimtazama yule mama. Mwili haujapoa, na tayari watu wamempata mkosaji: marehemu mwenyewe.

Njiani kurudi kituoni, Odero alimweleza asiyoyajua, maana Nanjala alikuwa amehamishiwa hapo juzijuzi tu. Kakenya, msichana wa darasa la nane katika shule ya Mwalimu Naeku, alikuwa ametolewa shuleni aolewe na mzee wa umri wa babu yake. Mwalimu alikwenda hadi nyumbani kwa mzee huyo, akamshika msichana mkono, akampeleka kwenye nyumba ya hifadhi, kisha akaja kuandikisha taarifa. Bwana harusi alishtakiwa katika mahakama ya Kajiado. Kesi ilikuwa isikizwe Jumatatu, na shahidi mkuu alikuwa Mwalimu Naeku.

"Bwana harusi mwenyewe ni nani?"

"Samuel Katoo. Mfanyabiashara wa ng'ombe kule Kiserian." Odero alisita. "Ndugu mkubwa wa huyu Timothy, madam."

"Na baada ya hapo mwalimu alitishwa?"

"Alipigiwa simu. Akatupiwa kichwa cha mbuzi uani. Alikuja kituoni kuomba ulinzi. Mkubwa akamwambia hatuna askari wa kutosha. Ati, 'Mwalimu, wewe unajiweza, tafuta cheti cha silaha ununue kabastola.'"

"Akatafuta?"

"Akatafuta. Akapata."

Mkubwa wa kituo, Chifu Inspekta Obonyo, alikuwa amesimama mbele ya waandishi wa habari Nanjala na Odero walipofika. Alikuwa akisema kwa sauti nzito kwamba wananchi wasikimbilie silaha za bei nafuu, kwamba silaha hafifu ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Nanjala alingoja hadi waandishi walipoondoka, akamfuata ofisini na kufunga mlango.

"Bwana, nani amekuambia bastola ilikuwa hafifu?"

"Si ilikataa kulia? Inspekta, usitafute maneno. Mwanamke alinunua kitu rahisi, kikamwangusha."

"Aliomba askari mmoja wa kumsindikiza mpaka siku ya kesi. Ukamwambia ajinunulie bastola. Sasa amekufa akiwa nayo mkononi, unawaambia watu kosa ni lake, alinunua vibaya."

"Chunga ulimi wako."

"Nitauchunga nikishamkamata aliyemuua," alisema Nanjala, akatoka.

Bastola ilipelekwa kwa mtaalamu wa silaha siku hiyo hiyo. Nanjala naye alikwenda Nairobi, kwenye duka lililoiuza. Mwenye duka, mzee mmoja mpole aitwaye Mutinda, alipoonyeshwa picha alivua miwani akaketi.

"Mwalimu," alisema. "Huyu mteja siwezi kumsahau."

"Alinunua ile iliyokuwa rahisi kuliko zote?"

"Nani amesema hivyo?" Mutinda alikasirika waziwazi. "Kulikuwa na ya bei ya chini zaidi. Niliiweka mezani, akaikataa. Aliniambia, 'Mzee, mimi nalipwa mshahara wa mwalimu, siwezi ile ya dirishani. Lakini usiniuzie takataka.' Alizishika zote moja moja. Ile ndogo kabisa ilikuwa inaruka mkononi, akasema hataweza kulenga mara ya pili. Ile pana haikuingia mkobani bila kuonekana. Nyingine ilikuwa na springi ngumu, vidole vyake havikuweza kuivuta. Alirudi mara tatu, afande. Wanaume huja hapa wakanunua kwa kuangalia inavyong'aa. Yeye alichagua kama mtu anayechagua daktari."

"Na aliyoichukua ni nzuri?"

"Mimi mwenyewe natembea na kama hiyo." Akafunua koti; ilikuwa kiunoni, haionekani. "Jumamosi iliyopita alikuja uwanja wa mazoezi. Alipiga sanduku zima la risasi, haikukataa hata moja. Nilimfundisha pia, ikikataa afanye nini. Piga kitako cha magazini, vuta sehemu ya juu, jaribu tena."



"Alikuja peke yake?"

"Jumamosi alikuja na mumewe. Nilipoifungua kuwaonyesha namna ya kuisafisha, mwalimu aliuliza kuhusu mafuta. Bwana aliuliza kuhusu pini."

"Pini gani?"

"Ile inayogonga kitako cha risasi. Aliishika, akaigeuza geuza. Akauliza, ikiwa fupi kidogo bado itafanya kazi? Nikamwambia, ikiwa fupi hiyo si bastola tena, ni kipande cha chuma. Tukacheka." Mutinda alirudisha miwani machoni. "Tukacheka, afande."

Simu ya mtaalamu wa silaha iliita Nanjala akiwa bado barabarani, karibu na Mlolongo. Bastola ilikuwa nzima, mpya, safi, isipokuwa kitu kimoja. Ncha ya pini ilikuwa imekatwa na kupigwa tupa. Mikwaruzo ya tupa ilikuwa bado inang'aa.

"Inaweza kuwa imetoka kiwandani hivyo?"

"Haiwezekani. Hii ni kazi ya mtu mwenye mkono mzuri wa chuma. Na ni ya juzi."

Nanjala na Odero walimkuta Timothy kwenye karakana yake, si nyumbani kwenye matanga. Alikuwa anafagia. Odero aliinama kwenye jiliwa ya kubania vyuma iliyofungwa ukingoni mwa meza, akapitisha sumaku iliyofungwa kwa karatasi katikati ya meno ya kifaa hicho. Alifunga chembe zilizonaswa pamoja na tupa ndogo, akaviweka kwenye mfuko wa ushahidi. Timothy aliuegemeza ufagio ukutani.

Kituoni, Nanjala aliketi mbele yake. Odero alishika kalamu. Timothy alikwisha kuelezwa haki zake, na kwamba anaweza kuwa na wakili. Alisema hataki wakili.

"Bastola ya mkeo ililala wapi?"

"Kwenye kasha la chuma. Chumbani."

"Funguo?"

"Mbili. Moja yake, moja yangu."

"Fundi mwingine aliingia chumbani kwenu wiki hii?"

"Hapana."

"Mgeni?"

"Hapana."

"Nani alikata pini?"

Timothy alitazama chini.

"Baba Soipan, nimetoka kwa Mzee Mutinda. Ameniambia ulichouliza. Chembe za chuma tulizotoa kwenye jiliwa yako zitalinganishwa na pini. Nani alikata pini?"

"Bastola ya bei rahisi inaweza..."

Nanjala alipiga meza kwa kiganja. "Usirudie hilo neno! Mkeo alichagua bastola nzuri kwa mshahara wake. Ilipiga sanduku zima Jumamosi. Leo asubuhi alisimama mbele ya muuaji, akafanya kila alichofundishwa. Alifyatua. Akaitoa risasi, akaweka nyingine, akafyatua tena. Hakukimbia, kwa sababu aliamini ana kitu mkononi. Kama angejua mkono wake ni mtupu, angerudi ndani ya gari akaondoka. Unanisikia? Gari lilikuwa linanguruma!"

Timothy alifunika uso. 

"Ni mimi nilikata."

"Kwa nini?"

"Samuel alisema anakuja kuongea naye. Kuongea tu. Amwombe aache kesi, waelewane kama watu wa boma moja."

"Alfajiri? Na kitu kizito mkononi?"

"Aliniapia hatamgusa, atamtisha tu kidogo. Lakini Naeku alikuwa amebadilika. Alikuwa anatembea na hiyo kitu mkobani kila mahali, hata kanisani. Niliogopa atampiga risasi. Samuel ndiye alinilea, afande. Baba alikufa nikiwa mdogo. Karo yangu alilipa yeye, mashine ya kuchomelea alininunulia yeye. Ningewezaje kumwacha aje kufa mlangoni kwangu?"

"Kwa hiyo ulimwambia."

Timothy alijifuta uso kwa kiganja.

"Ulimwambia Samuel kwamba bastola haiwezi kulia?"

"Nilimwambia asiogope," alinong'ona. "Kwamba ni chuma tu."

Kalamu ya Odero ilisimama. Nanjala alimwashiria aendelee kuandika.

"Na ulipokuwa ndani. Ulisikia?"

"Nilisikia akimwambia, 'Samuel, rudi nyuma.' Nikasikia... pigo la kwanza. Halafu gari likaendelea kunguruma."

"Ukakaa."

"Nikakaa."

Samuel Katoo alikamatwa jioni hiyo nyumbani kwake karibu na Oltepesi, akiwa anakunywa chai. Rungu lilikuwa limeoshwa na kuanikwa, lakini damu ilikuwa imeingia kwenye ufa wa mti, na nyingine ikapatikana chini ya zulia la pikapu yake. Hakujisumbua kukana kwa muda mrefu. Alikuwa mzee mrefu, mwenye koti zuri, na alimtazama Nanjala kama anayetazama mtoto aliyeingilia mazungumzo ya wakubwa.

"Nilimpiga," alisema. "Yule alikuwa mke wa ndugu yangu. Alinivua nguo mbele ya watu wa Kiserian nzima. Ati mimi nisimame kortini, msichana mdogo aninyooshee kidole? Hii ni shauri ya nyumbani kwetu. Wewe ni mtu wa Bungoma, inakuhusu nini?"

"Alikunyooshea bastola. Hukuogopa?"

Samuel alitabasamu kidogo. "Ya nini? Mwenye nyumba alikuwa ameniruhusu."

Nanjala aliamuru arudishwe mahabusu.  Kisha alikwenda kwa Obonyo. Alimwambia kwamba shahidi mwingine wa kesi ya Jumatatu, Kakenya mwenyewe, atatoka nyumba ya hifadhi hadi Kajiado akiwa na askari wawili, na kwamba waandishi wa habari walioambiwa uongo kuhusu bastola wataitwa tena waambiwe ukweli. Mkubwa alimtazama usoni.

"Chukua askari unaowataka," alisema.

Timothy alikuwa bado kwenye chumba cha mahojiano, taarifa yake mbele yake, amekwisha kuitia sahihi. Alipomwona Nanjala aliinua macho mekundu.

"Afande, Soipan yuko njiani kutoka chuo. Atauliza. Mwambie sikutaka mama yake afe. Mwambie nilikuwa nazuia tu mtu asiuawe."

"Nitamwambia ulichofanya," alisema Nanjala. "Watu wawili walikuwa wanaelekea kwenye lango lako. Mmoja ana rungu na hasira. Mwingine ana madaftari ya watoto, na bastola aliyoinunua kwa sababu hakuna mtu, sisi polisi wala wewe mumewe, aliyekubali kusimama naye. Ukawatazama wote wawili, Baba Soipan, ukaamua wa kunyang'anywa silaha ni mkeo."

Timothy alifungua mdomo.

"Usiniambie mimi," alisema Nanjala, akashika kitasa cha mlango. "Mwambie jaji."