Mstari Uliorukwa Kwenye Fomu ya Dada

Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kulia, mama alimshukuru Mungu kwa kuamka salama, kisha akafuta meza ya kukatia vitambaa. Binti yake mdogo, wa miaka kumi na miwili, alikaa pembeni ya meza hiyo akisoma kwa sauti chochote alichokiona: karatasi ya sabuni, boksi la uzi, hata tangazo la kukatika maji. Nyumba nzima ilimwita Redio.

Mama alijua kusoma, ila miaka ya kushona ilikuwa imemchosha macho, na herufi ndogo zilimkimbia. Kwa hiyo karatasi yoyote ya kutiwa saini ilisomwa na Redio, huku mama akipitisha kidole chini ya kila mstari. Kisichosomwa hadi mwisho hakikupata saini yake.

Alhamisi moja, dada yake Redio alirudi kutoka chuo kikuu, alikokuwa mwaka wa kwanza na kuishi bwenini. Alikuja na fomu ya kuacha kozi ya takwimu. Katika jaribio la kwanza alikuwa amepata alama nne kati ya ishirini. Fomu ilihitaji saini ya mzazi, na mwisho wa kuirudisha ulikuwa kesho yake saa sita mchana.

Alimvuta Redio jikoni. "Ukifika mstari wa tano, uruke," alinong'ona. "Ni habari za uniti. Hazinihusu, lakini mama akizisikia hatalala."

Redio aliuliza kama huo si uongo. Dada akamjibu kwamba kunyamaza si kudanganya, tena redio nzuri hujua kuzimika.

Basi Redio akasoma. Alipofika mstari wa tano akauruka. Mama alichukua kalamu, kisha akairudisha mezani na kumwambia asome tena. Redio akasoma vilevile, safari hii kwa sauti ndogo.

"Kidole changu kimepita mistari sita," mama alisema taratibu. "Mdomo wako umesoma mitano. Mmoja umekwenda wapi?"

Redio alimtazama dada yake. Dada alitazama dari.

"Nimeuruka, mama," alisema Redio, machozi yakimlengalenga. "Niliambiwa niuruke, lakini mdomo ni wangu. Nisamehe."

Mama alimpa karatasi, naye akausoma: mwanafunzi atakayebaki na uniti chini ya kumi na mbili katika muhula hatahesabiwa kuwa mwanafunzi wa muda wote, na atapoteza nafasi ya bweni pamoja na ufadhili.

Dada aliharakisha kueleza. Uniti ni kipimo cha uzito wa kozi. Yeye alikuwa na fizikia, biolojia, kemia, takwimu na maabara, kila moja uniti tatu, jumla kumi na tano. Akiacha takwimu, anabaki na kumi na mbili kamili.

Mama aliomba orodha ya kozi. Redio akaisoma mstari kwa mstari. Fizikia, tatu. Biolojia, tatu. Kemia, tatu. Takwimu, tatu. Maabara haikuwa na namba, ila kistari tu, na chini yake maneno madogo: imo ndani ya kozi ya kemia.

Dada aliinyakua karatasi, akaisoma mwenyewe, akaketi juu ya rundo la sare za shule. Angebaki na tisa. Bila bweni, chuo kilikuwa mbali mno. Bila ufadhili, hakukuwa na chuo kabisa.

"Umeuona mfuko wa shati," alisema mama, "ukauhesabu kuwa shati la pili."

Hakumgombeza. Alimrudishia fomu bila saini, akamwuliza kama amewahi kumwendea mwalimu wa takwimu. Dada akakiri kwamba aliona aibu.

"Kola iliponishinda sikuuza cherehani, mwanangu. Nilimtafuta aliyejua kuishona."

Jumatatu dada aligonga mlango wa mwalimu. Kumbe kila Jumatano mwalimu huyo huwasaidia waliobaki nyuma, na viti vingi huwa vitupu. Jumamosi alirudi nyumbani, Redio akamsomea maswali, na kwa mazoezi wakatumia daftari la vipimo vya wateja. Dada alipoanza kueleza wastani, mama alicheka.

"Huo mbona naujua? Nikishona sare kabla sijawapima watoto, nakisia kwa kipimo gani kama si cha wastani?"

Tangu siku hiyo takwimu haikuwa mgeni tena nyumbani kwao.

Muhula ulipokwisha, matokeo yaliingia kwenye simu ya dada. Hakuthubutu kuyafungua, akampa Redio simu ayasome. Kozi nne, uniti kumi na mbili, zote amefaulu. Takwimu, sabini na moja.

Redio alisoma ndani, akatoka akasoma uani, hadi jirani anayeuza mkaa akapiga makofi na kuuliza redio hiyo inazimiwa wapi. Dada alimkumbatia mama, ambaye utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni mwake.

"Mungu ashukuriwe," alisema mama. "Lakini mkumbuke: kozi ile ingeachwa, na chuo kingeondoka nayo, kwa mstari mmoja mliotaka kunificha. Msimfiche habari anayewatakia mema. Na kazi ngumu, iulizeni kwa wanaoijua kabla ya kuikimbia."

Kisha akamgeukia Redio, akanyoosha kidole juu ya kioo cha simu.

"Haya, soma tena. Na safari hii nahesabu mistari."