Sahihi ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

"Ondiek, shingo inakatika," Profesa Nabangala aliniambia kwenye simu. "Ukurasa wa arobaini na moja wa tasnifu yako. Kutoa umekugeuza kujumlisha. Saa nne, ukiitetea, watahini watakuuliza hilo hilo."

Simu ikakatwa. Niliweka kikombe vibaya, chai ikamwagikia suti.

Miaka mitano nimesomea kitu kimoja: uso uliopinda unaojisogeza wenyewe, na pale ulipopinda zaidi ndipo unapokimbia zaidi. Chukua umbo la kibuyu. Shingo yake nyembamba hukimbilia ndani ikakatika kabla umbo zima halijawa mpira. Mimi, kwa majivuno yangu, niliongeza kitu kwenye mlinganyo nikadai kibuyu changu hakikatiki. Kumbe kilishakatika, nami niko chumbani kwetu Mengo napiga pasi!

Lakini kilichoniogopesha zaidi kilikuwa chini ya ukurasa ule: sahihi ya Séraphine.

Séraphine wa Bukavu, mchumba wangu, tunasoma naye hesabu hiyo hiyo. Tulikuwa na mila yetu sisi wawili: ukurasa haupiti mpaka mwenzako aukokotoe upya, kisha asaini. Alama ya kutoa haijawahi kumponyoka.

Akaingia na mkate mkononi.

"Séra, huu uliusoma?"

Akautazama. Uso ukamshuka.

"Nilisaini."

"Sikuuliza hivyo."

"Sikuusoma, Ondi. Ile siku nilikuwa kwa intavyuu ya Kanada."

"Kanada gani?"

"Ile ya bakimbizi, ya kuhamishiwa kule. Nimengoja miaka tisa. Nilirudi kichwa kimejaa, nikasaini tu, ili usiulize nilitoka wapi."

Nilijua swali linalofuata, na niliogopa kuliuliza.

"Walikuuliza kuhusu mimi?"

Akaanza kukata mkate.

"Séra!"

"Baliuliza kama niko na mutu. Nilisema niko peke yangu."

Afadhali angenipiga kofi.

"Kwa nini?"

"Ukiongeza jina, faili inarudi mwanzo. Bukavu nilikimbia na ndala moja mguuni. Niko naogopa kuzeekea hapa nikingoja."

"Unaondoka lini?"

Alinipa simu yake nisome. "Safari yako imethibitishwa. Fika ofisini Jumatatu na mzigo wako." Ujumbe ulikuwa umeingia Ijumaa, na Jumatatu yenyewe ni leo. Jana Jumapili tulikula samaki ufukweni Port Bell, akacheka nami mchana kutwa, huku anajua.

"Haya, nenda," nikasema. "Mimi naenda kuwaambia watahini kosa langu kabla hawajanikamata nalo."

"Batakuangusha."

"Wacha waniangushe. Angalau nitakuwa nimesema mwenyewe."

Nilishika kitasa. Sikukizungusha. Niliogopa kwamba nikitoka, nikirudi nitakuta chumba kitupu. Nyuma yangu nikamsikia anapiga simu ofisi ile ya wakimbizi, spika imewashwa.

"Ni Séraphine. Nilidanganya kwa intavyuu. Niko na mchumba."

Mwanamke wa upande wa pili akashusha pumzi.

"Dada, unajua safari hiyo imekufa? Faili inarudi mwanzo. Pengine ni miaka, na kukataliwa kupo. Una uhakika?"

Séraphine alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vyangu.

"Sina," akasema. "Niko naogopa sana. Lakini andika. Anaitwa Ondiek."