Upepo wa Mchezaji wa Pili

Kilichoanza ni uzi. Mshonaji alikuwa ameshika ncha yake mbele ya cherehani, akitafuta tundu la sindano, uzi ukalala upande wa kushoto kana kwamba kuna mtu anaupuliza. Aliangalia dirisha. Lilikuwa limefungwa. Feni haikuwashwa, kwa sababu baba yake hana urafiki na vumbi. Uzi uliendelea kulala kushoto, bila kutikisika.

Kwenye runinga, kijitu cha vijiboksi kilikuwa kimesimama kwenye uwanja wa kijani na fimbo ya gofu. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na mshale unaoonyesha upepo unaelekea wapi. Ulielekea kushoto.

"Baba, huko kwenye gemu kuna upepo?"

"Upo. Bila upepo hata bibi yako angecheza."

Baba alikuwa refa wa mpira mpaka pumu ilipomtoa uwanjani, na mtaani waliendelea kumwita Refa. Watani walisema siku hizi hahitaji filimbi, kifua kinajipigia chenyewe. Alicheka nao, halafu akatafuta pa kukaa. Kwa binti yake ndiye mzazi aliyebaki, na kila alipokata kitambaa alikuwa na sikio moja kwenye kifua kile.

Mashine ya gemu ililetwa na kaka mkubwa wa mshonaji kutoka soko la mitumba, ya kijivu iliyogeuka njano, pamoja na kaseti moja ya gofu. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo nyumba nzima haikujua hata inaanza kusomwa upande gani. Tarakimu tu ndizo zilizosomeka. Kaseti ilipogoma, Refa alifanya kile ambacho kila aliyewahi kuwa na mashine kama ile hufanya: aliichomoa, akaipuliza kwa pumzi yote aliyokuwa nayo, akairudisha. Picha ikaja, na nafasi za wachezaji wawili. Pedi ya pili ya kuchezea ilikuwa juu ya kiti kitupu.

"Haya," Refa alikiambia kile kiti, "anayejiweza na aje."

Pedi ya pili ikabofya.

Hayo binti yake hakuyajua mpaka alasiri ile ya uzi, alipoacha cherehani na kuja kusimama nyuma ya baba. Aliona mto wa kiti cha pembeni umebonyea. Aliona kitufe cha pedi kikizama na kuinuka, hakuna kidole juu yake. Sebule ilinuka nyasi mbichi zilizokatwa sasa hivi, na kwenye barabara ile hapakuwa na nyasi, palikuwa na lami na mabati.

"Baba," alinong'ona, "unacheza na nani?"

"Mgeni."

"Mgeni gani?"

"Punguza sauti, mama. Anasikia." Midomo yake haikufunguka vizuri. "Tumewekeana sharti. Nikishinda ananirudishia kifua changu cha ujana. Akishinda yeye, anaondoka na pumzi iliyobaki."

"Baba!"

"Hawezi. Soma ubao. Nimemwacha mbali, mimi nimezaliwa kwenye mabao."

Ubao ulikuwa hivyo kweli. Tarakimu za Refa zilikuwa karibu mara mbili ya zile za mgeni. Mshonaji alizisoma, akazisoma tena, akapata nguvu kidogo. Lakini kila walipomaliza shimo moja na tarakimu za baba kupanda, mabega yake yalipanda nazo yakitafuta hewa, na jioni hakuweza kutoka kitini mpaka chumbani bila kushika ukuta, na nje ya mlango wake, hata wakati wa kula, ilisikika pumzi nyingine, nzito na yenye afya, ikipanda na kushuka pale sebuleni mbele ya runinga kama ya mtu aliyetoka kukimbia na sasa anapumzika akijua hana haraka.

Mshonaji akamwita Maalimu, msomaji wa dua wa mtaani. Alikuja mchana na kanzu yake ya kazi, akasimama mlangoni, akanusa.

"Nyumba hii ina upepo," alisema.

"Wa kushoto," Refa alijibu bila kugeuka. "Leo mwepesi."

Maalimu hakucheka. Alisoma kisomo chake, akapuliza kuelekea kwenye kiti. Pumzi yake ilimrudia usoni ikiwa na harufu ya nyasi. Akamvuta mshonaji mpaka kwenye korido.

"Huyu hakuvamia. Alipuliziwa, akakaribishwa. Aliyeingia kwa mchezo hutoka kwa mchezo. Usiizime mashine, mchezo ukivunjwa atachukua vyote. Nani anaongoza?"

"Baba. Kwa mbali."

Mabega ya Maalimu yalishuka. "Sasa wasiwasi wa nini, binti yangu? Mwache amalize."

Lilikuwa limebaki shimo moja. Mshonaji alivuta kigoda akakaa karibu, kitambaa cha mteja magotini, ili asimwache peke yake. Akatazama mchezo kwa mara ya kwanza kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine. Mgeni alipiga mara tatu, mpira ukaingia. Kijitu chake kikaruka juu na muziki ukalia. Mpira wa Refa ulikuwa mchangani. Alipiga, tarakimu ikapanda. Akapiga tena, ikapanda.

"Mbona kijitu cha mgeni kinarukaruka?"

"Hasira za kufungwa."

"Na chako kila shimo kinainamisha kichwa."

"Kinawashukuru mashabiki."

Mkasi ulikuwa mkononi mwake. Fundi hukata kitambaa mara moja. Anayerudia mara saba hajashinda, ameharibu nguo ya watu.

"Baba," alisema. "Hayo si mabao. Ni mapigo. Kila ukipiga unahesabiwa. Mwenye kidogo ndiye anayeshinda."

Refa aliangalia ubao. Mpira wake ulikuwa umefika kwenye ukingo wa shimo. Umebaki kuguswa tu. Dole gumba lilikuwa juu ya kitufe.

"Usipige," binti alisema, akampokonya pedi.

Mchezo ukasimama pale. Runinga haikuzimwa tena. Wageni walipouliza, mshonaji alijibu, "Refa anafikiria," wakacheka wakaenda zao. Alishona kwa mkono, pedi mapajani, kifuniko cha sanduku la sindano kikiwa juu ya vitufe ili visiguswe. Refa alibaki na kipumzi chake kidogo, akala uji, akatania. Mto wa kiti cha pembeni haukuinuka.

Siku moja mshonaji alitaka kupuliza vumbi la chaki kwenye kitambaa. Pumzi haikufika. Alijaribu tena, akaona kizunguzungu. Alipoinua uso, chini ya mistari miwili ya ubao kulikuwa na mstari wa tatu, na tarakimu zake zilikuwa zimeshaanza kupanda.

"Ni lini hiyo imeanza?" Refa aliuliza.

"Nini?"

"Hicho kifua chako. Nakisikia kuliko changu."

"Mafua tu, Baba."

"Mafua gani ya kupiga filimbi? Nipe pedi."

"Sikupi."

"Mama, nakuuliza kama refa. Nani alikuruhusu kuingia? Mchezaji haingii uwanjani mpaka refa ampungie mkono. Mimi sikupunga."

"Baba, tafadhali. Tunaweza kusubiri."

"Tunaweza. Sasa tunasubiri wawili." Alinyoosha mkono, haukurudi. Akakigeukia kiti cha pembeni, na sauti ikawa ile ya uwanjani, ambayo hata wachezaji wakorofi waliiinamia. "Wewe. Huyu hakuingia kihalali. Namtoa. Mimi na wewe tunamaliza tulichoanza. Unakubali au unabisha?"

Mapazia yalivutika kuelekea ndani yakabaki yamevutika. Pedi ya pili ikabofya mara moja.

Mstari wa tatu ukafutika.

Mshonaji hakumbuki kama alimpa baba pedi au baba aliichukua mwenyewe. Anakumbuka dole gumba likishuka, na mpira ukibingirika polepole, ukaingia shimoni kwa sauti ndogo kama kifungo kinachoanguka sakafuni. Kijitu cha Refa kikainamisha kichwa. Muziki ukalia. Mto wa kiti cha pembeni ukainuka taratibu, kama mtu anapoondoka bila kutaka kusumbua.

"Vuta pumzi, mama," Refa alisema. "Nisikie."

Alivuta. Hewa iliingia yote, mpaka chini, mpaka ikauma mbavuni. Ilikuwa tamu, akavuta nyingine kabla hajajizuia, na ya tatu. Kisha akaona haya kwa kushiba kule, akamgeukia baba yake ili amwambie imetosha, ameshamsikia. Kifua cha Refa hakikupiga filimbi, wala hakikupanda.