Kifuko Ndani ya Bitana

Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa akitia zipu kwenye sketi ya mteja, chai ikimpoa pembeni, simu ilipotetemeka. Asubuhi ya kawaida kabisa. Tangu amzike mumewe kila siku ilikuwa hivyo: anashona, anakula bila kusikia ladha, analala.

Kwenye ramani ya simu, ile nukta iliyotulia makaburini tangu mazishi ilikuwa imesogea.

Siri hiyo alikuwa nayo peke yake. Mwaka jana wivu ulipompanda kichwani, alinunua kidude cha kufuatilia, kidogo kama kifungo, akakishonea kifuko ndani ya bitana ya koti la mumewe, mchomelea vyuma. Maskini, mume alikwenda karakana, akapita kwa mama yake, akarudi nyumbani. Basi. Aliona haya kumwambia, na kukifumua akawa anaahirisha. Siku ya kumvalisha marehemu, akili imeganda, akatoa koti lilelile. Alijifariji kwa jambo moja tu: amekufa bila kujua.

Sasa nukta ilipita karakana. Ikapita kwa mama mkwe, ikakaa kidogo.

Wifi yake, aliyekuwa akimsaidia kutia vifungo, alichungulia. "Wifi, unamfuatilia nani?"

"Simu mbovu tu."

"Mbona ina jina la kaka?" alinong'ona.

Fundi aliendelea kukanyaga cherehani. Hofu aliitafuta moyoni, hakuiona.

Nukta ikaingia mtaani kwao. Ikafika mlangoni. Mlango haukufunguka. Nukta ikaingia.

Wifi alitoka mbio, kandambili akaziacha.

"Nisamehe," alisema fundi.

Kitu kikamgonga mguuni. Aliupindua upindo wa gauni lake. Palikuwa na kifuko kipya, kimeshonwa kwa mishono mirefu, iliyopinda, ya mtu asiyewahi kushika sindano. Ndani yake mlikuwa na kidude chake, na udongo mbichi.

Alichukua mkasi, akakifumua chote, akakitupa kidude chooni. Kisha akamalizia zipu ya mteja.

Kesho yake alivaa gauni jingine. Upindo ulikuwa mzito upande uleule. Aliugeuza taratibu. Safari hii mishono ilikuwa imeanza kunyooka.